Kiu ya Mashine: Uchambuzi wa Safari za Kuvuka Nchi kwa Vyombo vya Kale vya Mvuke

Chombo cha mvuke, kiwe cha reli au cha barabara, huendeshwa na maji yaliyochemshwa ndani ya boila, yaani tangi nene la chuma lililofungwa na kupashwa moto na tanuri lililomo ndani yake, mpaka mvuke uliobanwa humo upate nguvu ya kuisukuma pistoni katika silinda na, kwa mikono ya chuma, kuyazungusha magurudumu. Kanuni hiyo haijabadilika tangu mwaka 1769, Nicolas-Joseph Cugnot alipolijaribu nchini Ufaransa gari lake la kukokota mizinga, wala tangu mkesha wa Krismasi wa mwaka 1801, Richard Trevithick alipowapakia watu katika gari lake na kuupanda nalo mlima wa Camborne, huko Cornwall. Swali linalochambuliwa hapa ni kama inawezekana leo kuvuka nchi nzima kwa vyombo vya zamani vya aina hiyo, na ni kitu gani hasa kinachoamua kama safari itafika. Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba mashine hizo zimezeeka na ni dhaifu mno kwa mwendo mrefu, lakini ushahidi unaelekea kwingine: mashine iliyotunzwa huweza kwenda mbali sana, ila katika zama zake ilitembea juu ya mtandao wa maji, kuni, makaa ya mawe na mafundi uliotandazwa nchi nzima kwa ajili yake, na mtandao huo ndio uliokufa kabla ya mashine.

Maji yanastahili kutangulizwa, kwa sababu ndiyo yanayotumika kwa wingi kuliko kitu kingine chochote na ndiyo yanayosahaulika upesi zaidi na wanaozungumzia mvuke kwa mapenzi ya mbali. Katika vyombo vingi vya kale, mvuke ukishaisukuma pistoni haurudi tena ndani ya boila, bali hutolewa kupitia dohani, na mtazamaji asiyejua huuona kama upotevu wa kizembe. Ukweli ni kwamba mvuke huo unaotoka kwa kishindo ndio unaovuta hewa ipite katika tanuri na kuufanya moto uwake kwa nguvu kadiri kazi inavyoongezeka, hivyo kuyatupa maji ni sehemu ya mpango mzima wa mashine, na anayetaka kuyaokoa hulazimika kubuni njia nyingine ya kuuchochea moto. Jambo hilo likiunganishwa na ukweli kwamba injini ya garimoshi ya kawaida iligeuza chini ya asilimia 10 ya joto la makaa yake kuwa kazi ya kuvuta, inaeleweka kwa nini kila safari ya mvuke ilikuwa pia safari ya kutafuta maji.

Kwa upande wa barabara, mfano ulio wazi ni trekta la mvuke, chombo kizito kilichotokana na kazi ya Thomas Aveling wa Rochester, ambaye mnamo 1859 alianza kuzifanya injini za mashambani, zilizokuwa zikikokotwa na farasi kutoka shamba moja hadi jingine, zijiendeshe zenyewe kwa mnyororo. Trekta la namna hiyo likivuta mzigo barabarani huhitaji kujazwa maji baada ya kila kilomita 15 hivi, na kwa sababu hiyo liliundwa likiwa na mpira mrefu wa kunyonya maji kutoka kijitoni au bwawani kwa nguvu ya mvuke wenyewe. Uingereza, kwa mvua zake na vijito vyake vinavyopita chini ya kila daraja la kijijini, ilikuwa mahali pafaapo kwa chombo hicho, na haikuwa sadfa kwamba viwanda vya Aveling, vya Burrell huko Thetford na vya Fowler huko Leeds vilistawi katika nchi ambayo dereva hakupaswa kuulizia maji kwa wasiwasi.

Nchini Marekani jambo hilohilo lilijitokeza kwa sura nyingine. Ndugu mapacha Francis na Freelan Stanley wa Massachusetts waliunda magari mepesi ya mvuke yaliyokuwa miongoni mwa magari yenye kasi kubwa zaidi ya wakati wao, hata mwaka 1906 mojawapo likiendeshwa na Fred Marriott likafikia kilomita 205 kwa saa katika ufuko wa Florida. Magari hayo hayakuwa na kondensa, yaani kifaa cha kuupoza mvuke uliotumika ili urudi kuwa maji, na wenye nayo walizoea kujaza matangi yao katika mahodhi ya kunyweshea farasi yaliyokuwa yamesambaa mijini na kando ya barabara. Ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo ulipozuka mwaka 1914, mahodhi mengi yalifungwa ili kuuzuia usienee, na baadhi ya wanahistoria huliona tukio hilo kuwa pigo lililoyamaliza magari ya mvuke, ilhali wengine hulipunguzia uzito na kutaja bei pamoja na muda mrefu wa kuwasha moto kuwa sababu kubwa zaidi. Haidhuru nani ana haki katika mjadala huo, tukio linaonyesha kwamba gari lililojengwa vizuri liliweza kudhoofishwa na uamuzi uliohusu ng'ombe. Stanley waliongeza kondensa muda mfupi baadaye, na katika miaka ya 1920 Abner Doble wa California akaunda gari lililowaka kwa muda mfupi sana na kurudisha karibu maji yake yote, lakini lilikuwa la gharama kubwa mno, na yaliyotengenezwa hayakufika 50.

Reli zilikuwa na uwezo wa kulitatua tatizo la maji kwa mipango badala ya kubahatisha. Mwaka 1860 mhandisi John Ramsbottom aliweka huko Mochdre, kaskazini mwa Wales, mfereji mwembamba wa maji katikati ya reli, ambapo injini iliyokuwa ikipita kwa kasi ilishusha mdomo wa bomba na kuyachota maji bila kusimama. Mifereji hiyo ilipoenea katika njia kuu, ikawezekana mwaka 1928 kwa injini ya Flying Scotsman, iliyoundwa Doncaster mwaka 1923 chini ya Nigel Gresley, kuvuta treni kutoka London hadi Edinburgh, kilomita zipatazo 631, bila kituo hata kimoja. Behewa lake la makaa na maji lilikuwa na ujia mwembamba ubavuni ili madereva na wachochea moto wa zamu ya pili waweze kuwapokea wenzao treni ikiwa mwendoni. Rekodi hiyo husimuliwa kama sifa ya injini, nayo ni sifa ya haki, lakini bila mifereji ile injini isingefika hata nusu ya njia. Uthibitisho ulikuja katika miaka ya 1960, wakati Alan Pegler aliyeinunua injini hiyo mwaka 1963 alipoona kwamba mifereji na minara ya maji inang'olewa, akalazimika mwaka 1966 kununua behewa la pili kwa ajili ya kubeba maji tu. Injini ilikuwa ileile na njia ilikuwa ileile. Kilichopungua ni nchi iliyoizunguka.

Katika nchi kavu hali hiyo huonekana waziwazi zaidi, na hakuna mfano wenye funzo kuliko trekta lililoletwa na luteni Mjerumani Edmund Troost katika pwani ya Namibia mwaka 1896 ili lichukue nafasi ya mafahali katika kusafirisha mizigo kuvuka jangwa. Safari yake ya kwanza kutoka Walvis Bay hadi Swakopmund, mwendo wa kilomita 30 hivi, ilichukua takribani miezi mitatu, kwa sababu magurudumu yalizama mchangani na maji safi yalikuwa adimu, na haukupita muda mrefu kabla halijaachwa nje ya mji. Wenyeji wa hapo waliliita Martin Luther, kutokana na kauli inayonasibishwa na mwanamatengenezo huyo kwamba amesimama pale na hawezi kufanya vinginevyo, na chini ya jina hilo limehifadhiwa hadi leo.

Mfano wa Kongo una uzito wa aina nyingine, kwa kuwa safari ilifika. Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliamua kuzipeleka boti mbili za vita, Mimi na Toutou, mpaka Ziwa Tanganyika ili kupambana na meli za Wajerumani, na baada ya kuzisafirisha kwa reli kutoka Cape Town hadi Fungurume, Katanga, walizikokota kwa matrekta mawili ya mvuke kuvuka milima ya Mitumba hadi Sankisia, umbali unaokaribia kilomita 235, kati ya mwezi wa Agosti na Septemba. Vitabu vya Kizungu kuhusu mkasa huo humtukuza au kumdhihaki kamanda wake, Geoffrey Spicer-Simson, lakini mchambuzi wa usafiri hana budi kuangalia kwingine: njia ililazimika kukatwa msituni, madaraja ya magogo yakajengwa moja baada ya jingine, kuni zikarundikwa mapema kando ya njia, mafahali wakaongezwa palipokuwa na miinuko mikali, na maji yalipokosekana wanawake wa vijiji vya karibu wakayabeba kichwani kutoka mbali ili boila zisikauke. Hii ndiyo sura halisi ya safari ya mvuke ikiwa mtandao wa kuihudumia haupo, kwamba mabega na vichwa vya watu hugeuka kuwa mtandao huo, na ni jambo la kusikitisha kwamba majina ya waliofanya kazi hiyo hayakuandikwa pamoja na majina ya boti.

Afrika Kusini ilitafuta jibu la kiufundi kwa kiu hiyohiyo. Kati ya mwaka 1953 na 1955 reli za nchi hiyo zilipokea injini 90 za daraja la 25 zenye kondensa, zilizokusudiwa kwa jangwa la Karoo, ambazo behewa lake la nyuma lilijaa mapanga ya feni ya kuupoza mvuke na kuokoa sehemu kubwa sana ya maji. Kwa kuwa mvuke haukutoka tena kupitia dohani, feni nyingine ilihitajika kuvuta hewa tanurini, na matunzo yakawa mazito kiasi kwamba dizeli na umeme vilipowadia, nyingi zilirudishwa katika muundo wa kawaida.

Ubora wa maji nao huamua mengi. Maji ya maeneo yenye mawe ya chokaa huacha ukoko ndani ya boila kama ule unaoganda ndani ya birika la chai, na ukoko huo huzuia joto lisiyafikie maji, huku chuma cha tanuri kikipata joto kupita kiasi. Msafiri anayevuka nchi hubadilisha maji kila siku bila kujua yana nini, na hivyo huongeza dawa ya kulainisha na kuiosha boila mara nyingi kuliko anayezunguka mahali pamoja. Hatari kubwa kuliko zote ni kina cha maji kushuka chini ya paa la tanuri. Ndiyo maana paa hilo hutobolewa na kuwekwa kizibo chenye kiini cha risasi, ambacho huyeyuka maji yakipungua na kuuachia mvuke ushuke juu ya moto na kuwatahadharisha waendeshaji kabla boila haijapasuka. Mteremko mkali humtisha dereva wa mvuke kuliko mlima, jambo linalowashangaza madereva wa malori, kwa sababu mbele ya chombo ikiinama maji hukimbilia huko na kuliacha wazi paa la tanuri lililoko nyuma.

Sheria haihitaji maelezo marefu. Goldsworthy Gurney alisafiri kwa gari la mvuke kutoka London hadi Bath mwaka 1829, akashambuliwa na umati huko Melksham. Mwaka 1865 sheria ya Uingereza iliviwekea vyombo vya mvuke vya barabarani mwendo usiozidi kilomita 6.4 kwa saa mashambani na nusu yake mijini, pamoja na mtu wa kutangulia kwa miguu akiwa na bendera nyekundu. Na katika miaka ya 1930 kodi zilizopangwa kwa kufuata uzito ziliyaondoa sokoni malori ya mvuke, yakiwemo ya Sentinel ya Shrewsbury ambayo kiufundi yalikuwa mazuri. Siku hizi sheria za barabara za Uingereza huvikubali vyombo hivyo, na kikwazo chao ni foleni inayojikusanya nyuma yao.

Suala la moto limegeuka kuwa gumu kwa namna ambayo wapenzi wa mvuke wa miaka ya 1970 hawangeweza kuitabiri. Mgodi wa wazi wa Ffos-y-fran, karibu na Merthyr Tydfil, ulifungwa mwishoni mwa mwaka 2023, katika eneo lilelile ambapo mwaka 1804 injini ya Trevithick ilivuta mzigo juu ya reli kwa mara ya kwanza, na mwaka uliofuata kituo cha mwisho cha umeme wa makaa nchini Uingereza kikazimwa. Reli za urithi sasa hutegemea makaa yanayovuka bahari, na majaribio ya makaa ya kubumba yanaendelea. Kiasi kinachochomwa na vyombo hivi ni sehemu ndogo sana ya hewa chafu ya nchi, na si haki kuvihukumu kama vituo vya umeme, ingawa ni kweli pia kwamba hakuna mgodi utakaobaki wazi kwa ajili yao peke yao. Wamarekani waliliona hilo mapema: injini namba 4014, mojawapo ya zile 25 zinazojulikana kwa jina la Big Boy, ilipofufuliwa na kampuni ya Union Pacific na kurudi njiani mwaka 2019, tanuri lake lilikuwa limebadilishwa kutoka makaa hadi mafuta, nayo husafiri na mabehewa ya akiba ya maji kwa sababu minara ya zamani haipo tena.

Ujuzi ndio sehemu ya mtandao iliyo ngumu zaidi kurudisha, kwa kuwa haununuliki kwa lori wala haupitishwi katika bomba. Boila ya injini ya njia kuu Uingereza hufumuliwa na kukaguliwa upya kwa kawaida kila baada ya miaka 10, na sheria ya shirikisho la Marekani hudai ukaguzi kamili baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, kutegemea kipi kitatangulia, na kila ukaguzi huhitaji mtu anayeweza kuusikiliza mlio wa nyundo juu ya vifungo vya chuma na kutambua kilichovunjika. Wapenzi wa mvuke walipoamua kujenga injini mpya kabisa, Tornado, iliyokamilika Darlington mwaka 2008, boila yake iliagizwa kutoka Meiningen, Ujerumani, kwa sababu karakana iliyoweza kazi ya ukubwa huo ilikuwa huko. Nchi iliyozizaa injini za mvuke iliishiwa na mafundi wa boila kubwa ndani ya miaka 40 tangu reli zake za taifa zilipoachana na mvuke mwezi wa Agosti 1968.

Kwa sababu hiyo, safari ya Fred Dibnah inastahili kuheshimiwa kuliko rekodi nyingi za kasi. Fundi huyo wa Bolton, aliyejulikana kwanza kwa kubomoa na kukarabati madohani marefu ya viwanda, alizunguka Uingereza mwaka 2004, akiwa tayari mgonjwa, na trekta lake la Aveling la mwaka 1912 alilolitengeneza upya kwa zaidi ya miaka 20, akitembelea karakana na mafundi ambao bado walijua kufua vyuma, kusubu na kuunda boila. Alifariki mwezi wa Novemba mwaka huohuo, na filamu ya safari hiyo ilioneshwa mwaka uliofuata. Njia aliyoichagua ilikuwa ramani ya ujuzi uliosalia, na inafaa kuwa kigezo cha kuipima safari yoyote ya mvuke: inaacha nini kwa mafundi walioko njiani? Chombo kinachobebwa juu ya lori kutoka tamasha moja hadi jingine hakijavuka nchi kwa maana yoyote ya dhati, na treni ya mvuke inayosukumwa kimyakimya na dizeli kwa nyuma huwanyima abiria kile walichokilipia, ijapokuwa sababu za usalama za kuiweka dizeli hiyo zinaeleweka.

Afrika Mashariki inahusika na swali hili moja kwa moja. Reli ya Uganda, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ilikutana na kiu mara tu ilipoingia nyika ya Taru, ambako maji ya wajenzi na ya injini yalipaswa kuletwa kwa treni kutoka nyuma. Kilele cha mvuke katika reli hiyo kilikuwa injini 34 za daraja la 59, zilizoundwa na Beyer, Peacock ya Manchester kati ya mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilikuwa za aina ya Garratt, ambayo boila yake huning'inizwa kati ya seti mbili za magurudumu na matangi, hivyo uzito wa tani 252 uligawanyika kwenye reli nyepesi za upana wa mita moja na mwili mrefu ukaweza kupinda katika kona. Zilitumia mafuta, na kazi yake ilikuwa kuvuta mizigo ya tani zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari mpaka Nairobi, ulioko juu ya mita 1,600. Mbili kati yake, Mount Gelai na Mount Shengena, zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 baadhi ya injini za makumbusho hayo ziliwahi kuwashwa tena na kuvuta mabehewa ya wageni.

Je, mojawapo ingeweza kushuka tena mpaka Mombasa? Njia ya kisasa iliyozinduliwa mwaka 2017 ina upana mwingine, hivyo injini hizo zina njia moja tu, ile ya zamani, na safari yoyote itategemea kama njia hiyo itaendelea kutunzwa kwa ajili ya mizigo na abiria wa kawaida. Mafuta yanapatikana, na hapo Kenya ina nafuu kuliko Uingereza ya leo. Maji yangehitaji kupangwa upya katika stesheni kama Makindu, Mtito Andei na Voi, ama kwa matangi ya kudumu ama kwa magari ya maji, na kwa kuwa nyika ile haijaongezewa mito tangu 1896, mpango huo ungepaswa kuwashirikisha wakazi wanaogombea maji hayohayo kwa ajili ya mifugo na nyumba zao. Linalotia wasiwasi zaidi ni watu. Madereva, wachochea moto na mafundi wa boila waliofunzwa katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977 sasa ni wazee, na wanachokijua kuhusu tabia ya Garratt katika mpando wa kutoka Mombasa hakimo chote katika vitabu vya matengenezo. Kuwaweka vijana wa vyuo vya ufundi pamoja na wazee hao mbele ya boila moja ndogo iliyowashwa uani kwa makumbusho, kwa miaka kadhaa, kungegharimu sehemu ndogo tu ya pesa za kuifufua injini kubwa, nako kunapaswa kutangulia hata kama Mount Gelai haitaondoka Nairobi kamwe.